Betri ya Pili

Fundi umeme jirani yangu alibakiza mtihani mmoja apate cheti, lakini tangu afiwe na mkewe hakuwa na wa kumkagulia hesabu. Katika hesabu za saketi, kifaa kinachotoa nguvu huwekewa alama hasi, kinachopokea chanya, na jumla lazima iwe sifuri. Jioni moja hesabu ilimgomea: betri kubwa wati hasi 24, rezista, kile kipinga umeme, chanya 12, betri ndogo hasi 12.

Mkewe angekuwa hai angemtania, "Mkono umeandika kwa mazoea, baba, kichwa kilikuwa wapi? Fuata mshale wa mkondo!"

Akaufuata kwa kidole kwenye mchoro. Mkondo uliingia betri ndogo upande wa chanya. Kumbe ilikuwa inachajiwa. Akageuza alama. Sifuri.

"Mama watoto, imekubali!" akaita.

Akafunga daftari, akaenda jikoni kuosha kikombe chake kimoja.