Kiwiko cha Baltazar

Kwa miaka kumi na sita Baltazar Haule alikuwa mpiga eksirei wa serikali mjini Songea. Alipopunguzwa kazini mwaka 1994, hospitali binafsi zikiwa zimeanza kuruhusiwa, daktari mmoja aitwaye Urban alimchukua kwenye hospitali yake ndogo pale Bombambili. Huko nako aliheshimika. Mtu akianguka na baiskeli au akiangukiwa na gogo, alipelekwa kwake.

Mwaka 1999 Dokta Urban alinunua mashine ya altrasaundi iliyokwisha kutumika, na akamwajiri Pamela, mwanamke wa miaka thelathini kutoka Tanga, aliyekuwa amesomea kuitumia. Alipewa chumba cha pili, chenye feni na pazia jipya. Baltazar, aliyeomba feni tangu mwaka wake wa kwanza, aliendelea kujipepea kwa bahasha ya picha.

Mwanzoni walikwenda wajawazito tu, na hilo alilivumilia. Kilichomchoma moyo ni pale Pamela alipoanza kupima mabega na viwiko. Wagonjwa ambao picha zake zilionyesha mifupa mizima walitoka kwa Pamela na jibu, wakimshukuru kwa mikono miwili. Mmoja alimletea karanga. Baltazar alizitazama zile karanga siku nzima.

Ndipo akaja Iddi, seremala aliyesafiri kwa basi kutoka Tunduru, kiwiko kikimuuma kila akishika randa. Picha haikuonyesha kasoro. Dokta aliandika cheti aende altrasaundi. Iddi alimpa Baltazar amwonyeshe chumba; Baltazar alikisoma, akakikunja, akakitia mfukoni.

"Sasa niende wapi, mzee?" Iddi akauliza.

"Nyumbani. Mfupa wako mzima."

Iddi alishukuru, akaondoka na maumivu yake.

Miezi miwili baadaye, akipalilia mahindi shambani kwake Matogoro, Baltazar alihisi kiwiko cha kulia kikiwaka moto. Kesho yake alishindwa hata kuinua kikombe cha chai. Alijifungia kwenye chumba cha eksirei akajipiga picha. Akajipiga tena, mkono ukiwa umegeuzwa. Mifupa ilikuwa safi kabisa.

"Nenda kwa Pamela," Dokta alimwambia.

"Kwani mimi nina mimba, Dokta?"

"Nenda, Baltazar."

Alivumilia wiki nzima, kisha akaenda, wagonjwa walipokuwa wamekwisha.

"Shikamoo, mzee. Karibu, kaa hapa."

"Marahaba."

Pamela alimpaka mafuta ya baridi, akapitisha juu ya kiwiko kile kifaa chake kilicholingana na kipande cha sabuni. Alianza na mkono wa kushoto, uliokuwa mzima, ili Baltazar aone tofauti kwenye skrini.

"Hii ni kano, inayoshikiza msuli kwenye mfupa. Unaona nyuzi zilivyolala vizuri? Sasa tazama ya kulia."

Kano ya kulia ilikuwa imevimba, na katikati yake palikuwa na doa jeusi.

"Imechanika kidogo. Ni jembe, na zile sahani nzito za filamu za eksirei unazobeba kila siku."

"Na mfupa uko wapi?"

"Ule mstari mweupe, chini."

Baltazar aliutazama. Kazi yake ya miaka yote, mstari mmoja. Akajisikia akisema, "Yule seremala wa Tunduru... nilimrudisha mimi."

"Najua, mzee. Alirudi mwezi uliopita. Nilimpima."

"Ulimwambia Dokta?"

"Hapana."

Baltazar alitamani Pamela angekuwa amemwambia. Kusamehewa na mwanamke huyo kuliuma kuliko kiwiko.

Alipumzisha mkono miezi mitatu, akafanya mazoezi aliyoonyeshwa, na maumivu yakaisha. Tangu hapo, kila kiwiko ambacho picha zake hazikukielewa alikipeleka mwenyewe hadi mlangoni kwa Pamela. Hakuwahi kumpenda. Mgonjwa akitoka anatabasamu, Baltazar alirudi chumbani kwake na kufunga mlango, akakaa humo hadi moyo utulie.