Mgonjwa ni Yule Aliyelala

Kanuni ile niliiandika mimi. Sisemi hivyo kwa kujisifu, ingawa wakati ule nilijisifu sana. Mchana nilikuwa karani katika duka moja la mjini, na jioni nilikuwa katibu wa chama chetu, watu tuliotoka kusini tukapanga vyumba Kariakoo. Mimi na mama yangu tulikuwa na chumba kimoja nyuma ya soko. Chama kilikuwa cha kufaana: kila mwezi unatoa ada, ukiugua kinakulipia daktari na dawa, ukifa kinakuzika.

Mwanzoni ada ilikuwa shilingi moja. Ikawa moja na nusu, ikawa mbili, na kila ilipopanda mimi ndiye niliyesimama barazani kuwatangazia watu, nikitazamwa kana kwamba fedha zao nimezila mimi. Kwa mtu aliyeshika daftari sababu zilikuwa wazi. Daktari wa Kihindi tuliyemtumia alikuwa ameongeza bei ya sindano. Tena watu walikuwa wakijiunga wanakohoa tayari. Wanalipa mwezi mmoja, wa pili wanaleta chupa ijazwe dawa. Vijana wa bandarini, wenye afya zao, wakaanza kujitoa. "Nalipia vikohozi vya wenzangu," mmoja aliniambia, "mimi hata mafua siyajui." Wakitoka wao, tunabaki wachache na wagonjwa walewale, ada inapanda tena, na wengine wanatoka. Niliona chama kinavyokwisha mbele ya macho yangu, na jambo hilo lilininyima raha hata kazini.

Mkutanoni kila mtu alikuja na dawa yake. Wapo waliotaka wazee watoe zaidi. Wapo waliotaka mgeni angoje miezi mitatu kabla ya kusaidiwa. Bwana mmoja, mwenye akili kuliko sisi sote, alisema daktari tumpe kiasi kilekile kila mwezi, tuugue tusiugue, ili asizifurahie homa zetu. Tukamcheka. Mimi nikasimama na hoja yangu: shida ni wagonjwa wa uongo. Si kuna mtu tuliyemlipia dawa, kesho yake akaonekana Mnazi Mmoja anacheza ngoma mpaka shati limelowa? Nikapendekeza wajumbe watatu waende kumwona mgonjwa nyumbani kabla chama hakijatoa kitu, na nikaandika: "Mgonjwa ni yule aliyelala." Ndivyo tunavyosema wote. Fulani amelala, maana yake anaumwa kweli. Neno lilikuwa fupi, likawapendeza watu, likapita kwa makofi.

Mama alikuwa na pumu. Niseme hapahapa, maana msomaji atauliza: nilijua. Nilijua kwamba ikimshika hawezi kulala, anakaa kwenye kigoda, mikono juu ya magoti, mdomo wazi, siku mbili, siku tatu. Nilipokuwa natafuta neno zuri la kuandika, sikumkumbuka hata kidogo.

Ilimshika mvua za masika zilipoanza. Daktari akasema achomwe sindano kila siku kwa siku saba. Mbili nilizilipa mwenyewe, mshahara ukaniishia mkononi. Nikapeleka habari kwenye chama, nikajibiwa kwamba wajumbe watakuja Jumamosi alasiri. Siku zile nilikuwa nikitoka kazini mbio, nafika mlangoni nasimama kwanza, nasikiliza kama bado anahema.

Jumamosi niliwaona dirishani, kanzu safi wamezikunja magotini, wanaruka madimbwi. Mama naye alizisikia sauti zao.

"Watu wa kulala wamefika?" akauliza, maana mtaani jina lao lilikuwa hilo. "Basi nilaze."

"Mama, utaweza kweli?"

"Nilaze, baba. Si ndiyo kanuni?"

Nikamlaza. Hata mto niliushusha, aonekane amelala sawasawa.

Wakapiga hodi, wakaingia, wakaketi kwa adabu zao zote. Wakauliza habari za nyumbani, wakauliza kama kuna barua kutoka kusini. Mwenyekiti wetu, mzee mmoja fundi cherehani, akaomba maji ya kunywa, akayanywa polepole. Mama alijibu kila salamu kwa neno moja, na kila neno alilitafutia pumzi. Vidole vyake vilikuwa vimekamata upindo wa kanga.

"Masikini, huyu amelala kweli," alisema mwenyekiti kwa huruma, wala hakuinuka.

Midomo ya mama ilikuwa inabadilika rangi. Nikimwinua, sindano tano zimekwenda. Nisipomwinua, huenda nikampoteza mbele ya wageni. Nilisimama pale napima mambo hayo mawili, na mpaka leo naona haya kwamba nilipima.

Nikamwinua, nikamweka kifuani kwangu. "Wazee wangu, nisameheni. Mama hawezi kulala. Nimemlaza mimi."

Hakuna aliyekasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Walingoja mpaka kifua chake kikatulia kidogo. Kisha mwenyekiti akasema taratibu, "Katibu, mama anaumwa, tumeona kwa macho yetu. Lakini mwezi uliopita tulikwenda pamoja kwa yule fundi baiskeli. Tulimkuta kakaa kizingitini, tumbo limemvimba, tukamnyima. Wewe mwenyewe ndiye uliyeandika. Leo tukimpa mama yako, yule tutamwambia nini?"

Mama akasema, "Wanasema kweli, baba," akarudi kuhema.

Niliuza saa yangu na koti la kazini, sindano zikapatikana, na mama akapona safari ile. Mkutano uliofuata nilikwenda mapema, nikakaa kwenye jamvi la mbele. Zamu yangu ilipofika nikasema kwamba neno nililoliandika lina makosa. Nikawaeleza pumu ilivyo. Nikawaeleza kwamba wapo wagonjwa ambao kulala ndiko kutakakowaua, na kwamba tukiliacha neno lile tutawafukuza walio hoi na kuwalipia wanaojua kujinyoosha kitandani. Nilisema yote, hata habari ya mto sikuificha. Watu walinisikiliza, wengine wakatikisa vichwa kwa masikitiko. Nilidhani nimewapata.

Fundi baiskeli alikuwa nyuma kabisa, ameegemea ukuta, miguu kainyoosha kwa sababu ya tumbo lile. Hakupandisha sauti.

"Katibu," alisema, "siku ile mlipokuja kwangu, hukuona?"

Nilikuwa nimeona.