Chinsaga ya Mtungi Yafika Nyamarambe

Persis hakutaka mengi. Alitaka tu, siku binti yake Nyanchama, aliyeolewa Nyamarambe, akijifungua, aende kumwona na chinsaga, ile mgagani, aliyoipanda kwa mkono wake mwenyewe. Kwa Wakisii hiyo si mboga hivi hivi. Aliyejifungua anachemshiwa chinsaga na maziwa ndio damu irudi, na mama yake hafiki kwa wakwe na ya kununua kama mgeni wa kupita. Hakuna atakayemwambia kitu. Lakini wote watajua.

Shida ni moja: shamba hakuna. Mumewe alipokufa, shemeji zake walibaki na majani chai yote ya Nyamache, yeye akabaki na chumba cha kupanga Kisii mjini, mlangoni hata kuku hawezi kugeuka. Jua nalo halifiki.

Jua lilikuwa kwa Fardosa, Mama Zubair, muuza vitambaa wa mlango wa mwisho. Kwenye kibaraza chake alikuwa na dania na nanaa ndani ya mikebe ya mafuta ya kupikia.

"Mama Zubair, nipatie kakona hapo," Persis akamwomba.

"Kakona ya nini? Chukua upande mzima. Lakini ukinichafulia kibaraza, utanifulia mpaka mashuka."

Fardosa mwenyewe akatoa mitungi mikuukuu ya plastiki, akaikata juu, akatoboa matundu chini maji yasisimame. Persis akajaza udongo na samadi iliyokauka, akarusha mbegu. Zikaota vizuri sana.

Halafu akafanya kile ambacho mtu aliyelelewa kwenye majani chai angefanya. Alikuwa amekuja mjini na mfuko wa mbolea ya chai, na kwake mbolea ni mbolea. Akamwaga konzi nzima kila mtungi. Shambani mvua ingeizoa, udongo ungegawana. Kwenye mtungi itaenda wapi? Ikachoma kila mche.

"Umeua," Fardosa akasema.

"Nimeua, Mama Zubair."

"Basi usisimame hapo kama uko matangani. Mwaga huo udongo."

Wakamwaga, wakaleta mwingine, wakapanda upya bila hiyo sumu. Kila asubuhi kabla ya kufungua duka, Fardosa alimwagilia mboga zote, zake na za Persis, na maji aliyooshea mchele. Hakuombwa. Na bado kuna watu wanasema mjini hakuna jirani.

Mtoto hakungoja. Simu ililia chinsaga ikiwa urefu wa kidole. Persis akakaa chini, machozi karibu.

"Hii hata kiganja haijai. Wacha nipitie sokoni ninunue, niseme ni yangu."

"Udanganye mbele ya mjukuu wako wa kwanza?" Fardosa akamkazia macho. "Na nani amekwambia uchume? Beba mtungi."

"Nibebe mtungi mpaka Nyamarambe? Si watanicheka!"

"Wacheke wakipika."

Akaubeba, mdomo umefungwa na leso mpya kutoka dukani kwa Fardosa, udongo usimwagike. Mama Duke, mama mkwe wa Nyanchama, alipouona alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mama Nyanchama! Wenzako huleta mboga, wewe umetuletea shamba!"

"Ndilo hilo lote," Persis akasema. "Sina lingine."

Mama Duke akapokea mtungi na mikono miwili, akauweka juani kando ya jikoni, akaanza kung'oa pale miche imesongamana, polepole, ile mingine ibaki ikue. Ikatoka kasufuria kadogo. Wengine wote wakala sukuma wiki na hakuna aliyeguna.

Nyanchama akala akafuta sufuria na ugali wa wimbi. Persis, mjukuu mkononi, alikuwa hajauliza hata mtoto ameitwa nani, na tayari simu iko sikioni.

"Mama Zubair? Amekula. Amemaliza yote."