Ua Lililoinama

Nilipoanza kukamua mafuta ya alizeti mjini Sumbawanga, dada mmoja mbunifu alinichorea nembo: ua la njano lililotazama juu. Mimi nililipenda. Tukampelekea mama yangu, mkulima wa alizeti kijijini Pito, aone. Aliitazama karatasi, akauliza, “Kwani mnauza jua?”

Niliona aibu, lakini yule dada alicheka. “Mama, naomba unipeleke shambani kwako.”

Wakashinda huko. Mama akamwonyesha alizeti zilizoelemewa na mbegu. “Iliyokomaa huinama. Hiyo ndiyo yenye mafuta.”

Dada akachora upya, ua likiwa limeinama. Mama alipoiona chupa ya kwanza alisema, “Haya, sasa hayo ni mafuta.” Namshukuru sana yule dada, maana angeweza kununa, naye akakubali kufundishwa na mama yangu.