Kaka Hezroni na Gurudumu la Mkunga

Mzee Melkizedeki alishuka kwenye lori la mkonge mbele ya shule yetu ya Kifaru asubuhi, nikiwa uani na wasichana wangu wa darasa la tatu. Yeye ni mzee wa usharika wetu wa Same, na huku Kifaru hakuwa na shughuli yoyote. Nilimwamkia shikamoo. Badala ya kuitikia, alivua kofia.

"Mwalimu, Hezroni ametutoka," alisema. "Jana alasiri. Bwana amemtwaa akiwa kazini, kwenye gurudumu la baiskeli."

Njia nzima hadi Same niliamini kwamba kaka yangu ameanguka. Nililiona gurudumu likivunjika mteremkoni naye akirushwa juu ya mawe. Haikuwa hivyo. Jinsi ilivyokuwa nilielezwa na wifi yangu Zipora, mke wa kaka, ambaye hakuondoka katika banda lake la baiskeli tangu mwanzo, nami nayaandika haya ili wanawe wakikua wayapate yote kwa pamoja.

Hezroni alizaliwa Mbaga, mtoto wa kwanza wa baba yetu. Baba alipofariki, kaka aliteremka kwenda kufanya kazi katika karakana ya shamba la mkonge, na kwa kazi hiyo mimi nikasoma mpaka sekondari. Vita vilipokwisha alifungua banda lake mwenyewe karibu na soko la Same. Kuziba pancha hata mtu mwingine angeweza. Lakini kulijenga gurudumu upya, kuanzia habu tupu, kile kitovu cha kati, na rimu tupu, watu waliteremka kutoka Mwembe na wengine walitoka Maore kumfuata yeye. Alikuwa na sharti moja ambalo wengi walimcheka kwalo: gurudumu alilolijenga halikutoka bandani kabla yeye mwenyewe hajalipanda, likiwa na mzigo, hadi juu ya kilima cha kanisa na kurudi. Watani walisema fundi anatafuta kutembea bure kwa baiskeli za watu.

Mwaka uliopita, 1953, daktari wa Moshi alimpima akamwambia moyo wake umepanuka, asipande tena kilima kwa baiskeli wala kwa miguu. Tangu siku hiyo alipokea kazi ndogo ndogo tu. Magurudumu ya kujenga aliyakataa, kwa kuwa sharti lake hakutaka kuliacha.

Siku ile Koleta, mkunga wa zahanati, alifika akiwa amebeba baiskeli yake begani. Alikuwa ameitwa kijiji cha Kisiwani kwa mwanamke aliyeshikwa na uchungu tangu usiku, mtoto amekaa vibaya tumboni. Lori la Kisiwani lilikuwa limekwisha kwenda. Koleta aliondoka kwa baiskeli, na kabla hajaumaliza mji akaingia korongoni. Rimu ikakunjika na spoku nyingi zikakatika. Kuazima gurudumu jingine kulishindikana, maana baiskeli yake ilikuwa na breki ya ndani ya habu, ile ya kukanyaga nyuma, na habu yake ilikuwa pana kuliko zote zilizokuwa bandani. Baiskeli za wanaume zenye bomba la juu hakuwahi kuzipanda.

Zipora anasema kaka alilitazama gurudumu lile, kisha akamtazama yeye mkewe, halafu akaketi na kuanza kufungua.

Rimu mpya alikuwa nayo. Shida ilikuwa spoku. Alikuwa na za aina mbili tu, ndefu za gurudumu la nyuma la kawaida na fupi za gurudumu la mbele. Habu ikiwa pana, matundu yake yanasogea karibu na rimu, kwa hiyo spoku ndefu inapita kiasi, ncha yake inatokeza na kutoboa mpira. Akachukua zile fupi. Alizipima kwa ufito aliouning'iniza darini siku zote, akazipanga kama alivyozoea, kila moja ikipishana na nne, akaanza kukaza vinati vinavyoishika spoku kwenye rimu. Koleta alikuwa amesimama nyuma yake na mkoba wake mkononi.

Gurudumu lilipokaribia kukamilika, Hezroni alichungulia ndani ya matundu ya rimu, akaacha kukaza. Ncha za spoku zilikuwa mbali chini ndani ya vinati. Zilikuwa zimeshika kwa uzi mmoja au nyuzi mbili tu za skrubu.

"Ufito ule ni wa habu nyembamba," alisema. "Nimepima vibaya. Kwenye habu hii pana, mipishano minne inaivuta spoku kando na njia inarefuka."

Koleta aligusa spoku. Zilikuwa zimekaza, zinalia. Akamwambia zinatosha, afunge tairi ili yeye aende zake, mama wa watu anakufa.

"Hapa bandani zitalia hivyo hivyo, dada," kaka alimjibu. "Ukikanyaga breki kwenye mteremko zinachomoka zote kwa mpigo. Hutafika kwa huyo mama, na wewe mwenyewe tutakuokota."

Akazifungua zote. Koleta alikwenda nje akakaa chini, akashika rozari yake. Zipora, ambaye ni Mlutheri kama sisi, alikwenda akakaa kando yake, nao wakaomba kila mmoja kwa namna yake. Ndani, kaka alikata ufito mpya, akaulaza kutoka tundu la habu hadi tundu la rimu akifuata njia tofauti, kila spoku ipishane na tatu badala ya nne. Njia hiyo ni fupi zaidi. Safari hii alifunga spoku mbili tu kila upande, akachungulia. Ncha zilikuwa zimefika juu ya kinati, sawasawa na kichwa chake. Ndipo akaweka nyingine. Jasho lilimtoka, naye Zipora aliona jinsi alivyokuwa akipumzika kila baada ya kukaza kidogo.

Tairi lilipokwisha kuvaa, alifunga gunia la mahindi kwenye keria.

Zipora alisimama njiani. "Baba Eliaichi, daktari alikuambia nini?"

"Alinikataza kilima."

"Basi mwache apande mwingine. Mwite hata Asheri hapo sokoni."

"Asheri hajui linavyolia likitaka kuvunjika. Hii mipishano mitatu sijawahi kuibebesha mzigo kwenye breki ya namna hii. Likivunjika, livunjike na mimi."

Koleta naye alisema atalipanda yeye mwenyewe, liwalo na liwe. Kaka alimwambia kwa upole kwamba kule Kisiwani hakuna wa kushika nafasi yake, akaondoka.

Walimtazama akipanda polepole, akiinuka kwenye kiti. Karibu na kanisa alipotea nyuma ya minyaa. Zipora anasema hapo ndipo alipoacha kuomba kwa maneno. Kisha walimwona akiteremka kwa kasi, na nusu ya mteremko akakanyaga breki kwa nguvu. Baiskeli iliburuza vumbi, ikasimama wima. Akaachia, akateremka tena, akakanyaga tena.

Alipofika alifungua gunia, akaipindua baiskeli, akalizungusha gurudumu, akakaza kinati kimoja. "Nenda, dada," alisema. "Litakufikisha." Koleta alikwenda bila hata kuaga vizuri.

Kaka aliketi juu ya gunia lile, akaomba maji. Zipora aliporudi na kata, alikuwa ameegemea nguzo, na mikono yake ilikuwa imelegea.

Nimemwuliza Mungu mengi. Jibu sikupata, ila siku ya pili Koleta alikuja nyumbani akiwa na vumbi la Kisiwani miguuni, akatuambia kwamba mama yule na mtoto wake wote ni wazima. Zipora alimkumbatia, wakalia pamoja.

Tulimzika Mbaga. Lori lilibeba jeneza mpaka mahali ambapo halikuweza kupita tena, kutoka hapo vijana wa ukoo wakalichukua mabegani, wakipokezana. Kaburi lilichimbwa kando ya baba, chini ya migomba. Mchungaji alisoma neno fupi, tukaimba, jeneza likateremshwa kwa kamba. Eliaichi, mtoto wa kaka, alitupa udongo wa kwanza kwa mkono wake mdogo, kisha Zipora, kisha mimi. Wanaume walishika majembe wakajaza. Mvua ilianza kunyesha kabla hawajamaliza, lakini hakuna aliyeondoka mpaka kaburi lilipofunikwa.