Kuku wa Bibi Waliopelekwa Shamba

Wiki iliyopita nilikwenda sokoni Mwanakwerekwe kununua ndizi mbichi, nikamkuta mwanamke anauza kuku wa kienyeji aliowafunga miguu kwa kamba. Mmoja alikuwa na shingo tupu, haina hata unyoya. "Mchukue huyo, dada, mtamu kwa mchuzi," akanambia. Niliondoka, na ndizi nikazisahau. Wewe ungelinifahamu, lau ungeliijua nyumba ya bibi yangu.

Ilikuwa Mji Mkongwe, kwenye kichochoro ambacho watu wawili wakikutana, mmoja hujibanza ukutani. Ndani palikuwa na ua ulio wazi juu, na ua huo ulikuwa wa kuku. Si kuku wa kuchinja. Bibi, mama yake baba, hakuchinja hata mmoja. Sikukuu ikifika tulinunua kuku wa watu sokoni. Wa kwake walikuwa na majina. Jogoo wa kuchi, mrefu wa kunifika kifuani, aliitwa Kadhi, maana kila ugomvi lazima auamue yeye. Tetea wa shingo tupu aliitwa Bi Arusi, kwa vile alitembea kama anayeogopa kuchafua nguo.

Kazi yangu kabla ya kwenda chuoni kusoma Kurani ilikuwa kuchanganya machicha ya nazi na pumba kwenye sinia bovu. Wakinisikia tu nagonga sinia, wananijia mbio, mabawa wazi, na bata nyuma yao wanayumbayumba. Mwaka mmoja bibi alimlalisha Bi Arusi juu ya mayai ya bata. Vifaranga walipoliona beseni la kufulia, wakajitosa majini. Bi Arusi alilizunguka beseni akilia mpaka sauti ikamkauka. Sisi tulicheka. Bibi alikaa chini kando yake akamwambia, "Ndiyo kulea huko, mwanangu."

Babu alipofariki, nyumba ikawa ya urithi. Baba mdogo, kitindamimba wa bibi na kipenzi chake, ndiye aliyemleta mnunuzi. Baba yangu hakuwa mtu wa kubishana. Tukaambiwa tunahamia Michenzani, ghorofa ya tatu. Bibi aliuliza jambo moja tu: "Na kuku wangu?"

"Nshazungumza na wifi yako wa shamba, mama," akasema baba mdogo, kamshika mkono. "Ana uwanja mpana. Watastarehe kuliko hapa."

Bibi akamwombea dua.

Kule Michenzani aliendelea kuanika machicha kwenye roshani na kuyatia mfukoni. Kila baba mdogo akija, humuuliza habari za kuku wake. "Wanataga, mama. Bi Arusi kaangua tena." Akitaka kupelekwa kuwaona, mara gari mbovu, mara mvua, mara wiki ijayo.

Jumamosi moja alivaa buibui lake, akaubeba mfuko wa machicha. "Mke mwenzangu," akaniita kwa utani wake wa bibi na mjukuu, "twende zetu." Tukapanda gari ya shamba. Tulimkuta wifi yake uwanjani anasuka ukili, akafurahi mno kumwona. Walipokwisha kuulizana hali, bibi akasema, "Nimekuja kuwatazama kuku wangu."

"Kuku gani, wifi?"

"Aliowaleta mwanangu."

"Mwanao sijamtia machoni tangu matanga ya kaka."

"Basi," akasema bibi. "Labda nimesikia vibaya." Akaufungua mfuko, akawamwagia machicha kuku wa wifi yake, akasimama mpaka wakamaliza. Njia nzima ya kurudi alinishika mkono kwa nguvu hadi ukauma.

Nilipokuwa mkubwa ndipo mama aliponambia. Siku ya kukabidhi funguo, sisi tukipanga vyombo Michenzani, baba mdogo aliwachinja kuku wa bibi, akawapikia wageni wa mnunuzi biriani mle mle uani. "Bi Arusi pia?" nikauliza. "Wote," akasema mama. Majirani walimhadithia, naye hakuwa na ulimi wa kumwambia mkwewe.

Bibi hakugombana na mwanawe. Akija na "Shikamoo, mama," humwitikia "Marahaba," kisha hurudi kwenye tasbihi yake. Kila alicholeta, papai au mkate wa kumimina, alikigawa kwa majirani. Baba mdogo hakuuliza sababu. Bibi akafa hivyo, kwenye ghorofa ya tatu, mbali na ardhi. Siku ya hitima baba mdogo alileta katoni za kuku wa barafu, na watu wakamsifu kwa ukarimu.

Nyumba sasa ni hoteli. Kwenye kile kichochoro hakuwiki jogoo tena, na majirani wa zamani wametawanyika, kila mmoja na fleti yake. Baba mdogo amezeeka, na sikukuu zikifika huwakusanya watoto akawasimulia ua wa mama yake: mlio wa bata asubuhi, mayai ya moto mkononi. Anasimulia vizuri kuliko mimi. Idi iliyopita binti yangu alimuuliza, "Babu, wale kuku walikwenda wapi?"

"Tuliwapeleka shamba, mjukuu wangu," akasema. "Wakafa kwa uzee." Machozi yakamlenga, na naapa yalikuwa ya kweli.

Baba na mama washatangulia. Katika ukoo wetu wanaojua tumebaki wawili tu, na mmoja keshasahau.