Mshumaa wa Mzee Luan

Kazi aliyokuwa anafanya Luan Peiyun haikujulikana nyumbani kwao. Baba yake akiulizwa na wenzake pale wanapochezea karata, alisema binti yangu yuko kwa Wazungu, anahudumia wateja. Peiyun akaacha iwe hivyo. Huduma kwa wateja ni maneno mapana, unaweza kujificha humo miaka.

Ukweli ni kwamba alikuwa anafuta. Kampuni ya nje ilikuwa imeleta China programu yake ya simu, na wazee wa mji wa Jinan waliipenda kweli, maana unajirekodi unaimba halafu wenzio wanakutumia maua. Serikali iliwaambia hao wageni karibuni, ila muwe na watu wa kuangalia nini kinaandikwa na kufuta kisichotakiwa. Kampuni haikubisha. Ikapanga ghorofa nzima juu ya duka la vitanda, ikajaza kompyuta, ikaajiri watu kama Peiyun. Kiwanda alikokuwa anashona nguo kilikuwa kimefungwa, na mume alishaenda Shenzhen kutafuta maisha akapotelea hukohuko. Hapa mshahara ulikuwa unaeleweka, kiyoyozi kipo, chai bure. Nani angekataa?

Siku ya mafunzo, msimamizi wao Bwana Ding alifunga mapazia akawaonyesha picha. Wanafunzi wamejaa kwenye uwanja mkubwa wa Beijing. Halafu vifaru. Halafu baiskeli zimelala barabarani zimepondwapondwa. Msichana mmoja wa mbele akauliza hiyo ni sinema gani. Ding akasema siyo sinema, ni mwaka themanini na tisa, mwanzoni mwa Juni, jeshi liliwapiga risasi watu. Mnaonyeshwa ili mkiiona muijue, mkiijua muifute, na mkitoka hapa mlangoni msiitaje.

Peiyun alikuwa mtoto mwaka ule. Alikumbuka tu mama yake akizima redio ghafla, na chakula kikaliwa kimyakimya.

"Sisi ndio tumesoma kuliko mji mzima," alimwambia Qiong, jirani yake wa meza, mwanamke mnene mwenye utani usioisha. "Halafu tunalipwa tusahau. Hebu nipe hizo karanga."

Basi kila ikifika Juni, kuna watu waliokumbuka. Hawakuandika kitu, wangeandika nini? Waliweka mshumaa, kale kapicha kadogo ka mshumaa kanakowaka, basi. Kwa hiyo siku hizo mshumaa ukawa kosa. Ukiuona, unabofya, akaunti inaondoka na kila kilichomo. Mwanzoni Peiyun alikuwa anasoma kilichoandikwa chini yake. Baadaye akaacha, maana mishumaa ilikuwa mingi na Ding alikuwa anapita nyuma ya viti. Mkono ukazoea kwenda wenyewe.

Sasa, mama yake Peiyun alikufa kwa moyo, na alikufa siku hizohizo za Juni. Mwaka ulipotimia, Mzee Luan alitaka kumfanyia mkewe inavyotakiwa: kwenda njia panda, kuchora duara chini kwa chaki, kuchoma zile pesa bandia za karatasi ili marehemu apate za kutumia huko aliko. Lakini mji ulikuwa umepiga marufuku moshi. Mjumbe wa mtaa alikuwa anazunguka na kitambaa chake chekundu mkononi, na ndoo ya maji. Mzee Luan ni mtu aliyechochea moto kiwandani maisha yake yote, na maisha yake yote alifanya alichoambiwa. Hakuchoma. Akamuuliza jirani, hivi kwenye simu mshumaa unawekwaje? Jirani akamwelekeza. Mzee akauweka, na chini akaandika kwa shida: Mwaka mmoja. Bado sijazoea.

Kabla ya chakula cha mchana akaunti yake ilikuwa haipo.

Nyimbo hakuzijali. Ila humo ndimo zilimokuwa sauti za mkewe. Alipolazwa, mama alikuwa anamtumia ujumbe wa sauti kutwa nzima. Umefunga gesi? Blanketi umelianika? Usivae lile sweta la kijani, unaonekana kama chura. Mzee alizisikiliza kila asubuhi akinywa uji wake wa mtama, na wakati mwingine alikuwa anazijibu.

Akampigia binti yake kazini. Peiyun akatoka kwenda kupokea kwenye ngazi.

"Mwanangu, wewe si uko hukohuko? Waambie wenzako wamekosea."

"Baba, uliweka nini?"

"Mshumaa tu. Wa mama yako."

Peiyun akakaa palepale kwenye ngazi. Watu wote wa jimbo lao la Shandong walikuwa wanakaguliwa kwenye chumba kile. Na asubuhi ile kila mtu chumbani alikuwa anabofya mishumaa. Inaweza kuwa Qiong. Inaweza kuwa yule msichana wa sinema. Inaweza kuwa yeye, mkono wake huu alioshikia simu ya baba. Kompyuta haisemi ni nani, na hata angekaa siku nzima akumbuke, angekumbuka nini? Hakuwa ameangalia.

Alimfuata Ding, naye akamwambia taratibu tu kwamba siku kama hizi dada yangu usiniombe, maana nami sina wa kumwomba. Ila wiki ile kulikuwa na mgeni kutoka makao makuu, Bwana Prentice, mrefu, shati la bluu, anasalimia mpaka wafagiaji. Peiyun akamsubiri mlangoni. Ding, kwa kuona aibu mbele ya mgeni, ikabidi amtafsirie.

Prentice alisikiliza mpaka mwisho, na uso wake ulibadilika kweli, hakuwa anaigiza. Akasema anasikitika sana. Akasema na yeye ana mama. Akasema kampuni haipendi mambo haya, lakini kila nchi ina sheria zake na wao ni wageni. Kisha akauliza, sisi tukifunga tukaondoka, nani atafaidika? Wazee hawatakuwa na pa kuimbia, na ninyi hamtakuwa na kazi.

"Mwulize," Peiyun akamwambia Ding, "kwao mtu akimwashia mama yake mshumaa, anafutwa?"

Ding alimwangalia, akamwangalia mgeni, akatafsiri kitu kifupi mno. Prentice akatabasamu, akamshika Peiyun bega, akasema asante kwa kazi yako nzuri.

Lakini njia moja ilikuwepo. Ding alimwambia baadaye, wakiwa wawili. Mwenye akaunti aandike barua ya kujilaumu: nilipotoshwa, nimetambua kosa langu, sitarudia. Ikipita juu, akaunti inaweza kurudi na kila kitu chake.

Peiyun alijua baba hataandika. Ujanani Mzee Luan aliwahi kusimamishwa mbele ya kiwanda kizima asome karatasi ya namna hiyo, kisa alifungia samaki kwenye gazeti lenye picha ya Mwenyekiti wa Chama. Hadithi hiyo aliisimulia mara moja tu, akiwa amelewa, na mwisho wake alisema tangu siku ile hajapenda samaki.

Kwa hiyo aliandika yeye, kwa jina la baba yake, kwenye kompyuta ileile ya kazini. Haikumchukua muda. Maneno aliyajua, barua kama hizo zilikuwa zinapita nyingi mbele yake. Nilipotoshwa na watu wenye nia mbaya. Mama yake hakumtaja kabisa, maana maelezo mengi huleta maswali.

Akaunti ikarudi. Sauti zote zilikuwemo. Siku hiyo Peiyun alipita kwa baba yake na matikiti, moyo mwepesi kidogo, akamkuta mezani na simu mbele yake, haijaguswa, miwani iko puani.

"Wamenishukuru," mzee akasema. "Wameandika hapa, na chini wameiweka hiyo barua yangu. Wanashukuru kwa majuto yangu."

Hilo Peiyun hakulifikiria. Kampuni ina adabu, kila barua inajibiwa.

"Baba, nilitaka upate sauti."

"Nimekuelewa." Akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Hao watu wenye nia mbaya walionipotosha, ni mama yako?"

Peiyun aliweka matikiti chini.

"Na wewe kule unafanya nini hasa? Usiniambie wateja."

Akamwambia. Hakuficha, alimweleza mpaka zile picha alizoonyeshwa mapazia yakiwa yamefungwa, mpaka mishumaa. Mzee hakufoka. Angefoka ingekuwa nafuu. Aliuliza tu kama kuna kisu karibu, akakata tikiti, wakala.

Sauti aliendelea kuzisikiliza, lakini alianza kutumia vile visikilizio vya kuchomeka masikioni. Peiyun akiwa pale hakuzifungulia tena.

Mwaka mwingine ukafika. Asubuhi ya siku yenyewe mzee akampigia.

"Niweke nini mwaka huu? Ninyi mnaruhusu nini?"

Hilo "ninyi" lilimchoma, lakini alifikiria kama mtu wa kazi. Mshumaa, hapana. Ua jeupe, hapana. Akamwambia weka sambusa za kuchemsha, zile alizokuwa anakutengenezea mama. Kapicha ka chakula tu. Nani atamfuta mtu kwa chakula?

Mzee akaweka. Wenzake wa karata, wajane kwa wagane, wakaelewa, wakaweka na wao, kila mtu kwa ajili ya wake. Wa kwaya ya bustanini wakafuatia. Peiyun aliziona zikipita mbele yake kazini, sambusa, sambusa, sambusa, hakuna maneno. Kwanza alitabasamu. Halafu akaanza kuzihesabu. Alijua jinsi mshumaa ulivyogeuka kuwa kosa. Haukuanza kama kosa. Ulianza hivihivi, watu wengi wanaweka kitu kimoja siku moja bila kusema kwa nini.

Qiong, mdomo umejaa karanga, akageuza shingo. "Leo wote wana njaa?" Kisha akaona uso wa mwenzake, akaacha kutafuna.

Nyuma yao Ding alikuwa ameanza kutembea kati ya viti.

Peiyun akaomba kwenda chooni, akapiga simu kwenye ngazi.

"Baba, ifute."

Mzee hakuuliza kwa nini. Alisikika akihangaika na simu, akihema, mara ikalia, mara ikanyamaza.

"Nimeifuta," akasema. "Na wenzangu je, na wao wafute?"

"Ndiyo, baba."

"Haya. Mzee Hao wa karata ni mbishi, lakini nitamweleza. Ngoja niwapigie mmojammoja."